Ukinywa Uji wa Mama Pacha, Unapanda Paa

Kwanza acheni kuniamkia. Hizo shikamoo mlizonipa hapo mlangoni, mmoja baada ya mwingine kama mnapita kumpa mkono bibi harusi, nimezipokea kwa adabu tu. Ukweli ni kwamba mimi na nyie tumepishana kidogo sana. Nimestaafu, sawa, lakini nimestaafu na meno yote. Mradi ulipofungwa na mimi nikafunga mwiko wangu kwenye gunia, nikaenda kusaga nafaka za watu pale Milanzi. Mnaniona nina weupe kwenye nyusi mnadhani ni mvi. Si mvi jamani. Ni sembe.

Mmeniita niwape mawili matatu kwa sababu kazi mliyopewa ndo niliyokuwa naifanya mimi: kuzunguka vijijini kwa familia zenye watoto wadogo, huku unapeleka chakula, huku unasaidia nyumba. Kazi nzuri. Mtanyeshewa, mtakimbizwa na mbwa, na mtacheka mpaka mbavu ziume. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo msitegemee nitachora ubaoni. Naongea tu, atakayeshika ashike.

Upande wangu mimi ulikuwa uji. Ndiyo, cheka wewe wa nyuma, nimekuona. Mwanaume mzima, nashuka kwenye pikipiki na sufuria mgongoni kama kobe, naenda kuwafundisha akina mama kupika uji wa mtoto. Wakiniona tu wanaitana: "Njooni, Bwana Uji kafika!" Jina likaganda. Mpaka leo mashineni kwangu kuna wateja hawajui kwamba nilibatizwa Oresti.

Aliyenifundisha ni Mama Gaudensia, mkubwa wangu wa kazi. Sauti yake ya upole, ila maneno yake ukiyapata unayakumbuka hadi ukilala. Siku yangu ya kwanza kupika mbele za watu, maji yakachemka, mimi kwa ufundi wangu nikamwaga unga wote mle ndani kavu kavu. Ukafanya mabonge. Nikakoroga, mabonge yakanitazama. Nikamimina kwenye vikombe hivyo hivyo, nikitegemea kwamba watu wa Ufipa ni wapole. Bibi mmoja akapokea chake kwa mikono miwili, akakiangalia vizuri, akaniuliza kwa heshima kabisa:

"Mwanangu, huu tunywe au tutafune?"

Mama Gaudensia hakunikaripia. Alichukua mwiko, akavua bonge moja, akaniwekea kwenye kiganja.

"Kula."

Nikala. Nje limeiva, ndani unga mkavu unafuka kama vumbi la barabarani.

"Umeonja?"

"Nimeonja, mama."

"Basi mtoto wa watu akilia, ujue ndo hilo."

Tangu siku hiyo unga nauvuruga kwanza kwenye maji ya baridi, halafu ndo naumimina kwenye moto. Na mtoto hanywi kitu ambacho mimi sijakionja. Hiyo ya kuonja ishikeni vizuri, maana ndiyo iliyokuja kunipandisha juu ya paa. Tutafika.

Kingine, mkifika kwa mtu msianze na habari za mradi. Huku kwetu salamu ni ndefu na hazikatizwi. Utaulizwa umeamkaje, wa nyumbani kwako wameamkaje, huko ulikotoka mvua ipo, huko unakokwenda nako vipi. Jibu zote. Kuna mwenzetu mmoja alitoka pwani, kijana mzuri tu, alikuja na kandambili mwezi wa sita. Mwezi wa sita! Upepo wa hapa juu ukamshika, akawa anasalimia kwa kutetemeka, neno moja linatoka vipande vitatu. Wazee wakamhurumia wakamkatia salamu, wakamsogeza jikoni kwenye moto. Huyo ndo mtu pekee niliyewahi kuona anasamehewa salamu Ufipa.

Haya. Sasa niwaambie ya Mama Pacha, kwa sababu kosa tulilofanya kwake na nyie mtalifanya msipoangalia.

Mradi ulikuwa umepangwa hivi. Familia yenye watoto wadogo inapewa nafaka ya uji: ulezi, mahindi, na karanga. Hiyo ya kwanza. Ya pili, kama nyumba yao ni mbovu, wanapewa mabati na misumari. Kuta wajenge wenyewe, na watu wa kupandisha paa wawatafute wenyewe. Ukiisikia hivi imekaa vizuri, si ndiyo? Hata sisi kwenye kikao iliposomwa tulitikisa vichwa, tukala maandazi, tukapiga makofi. Na mle ndani tulikuwemo Wafipa kibao, mimi mmojawapo, tumezaliwa hapa hapa. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono akauliza: jamani, huku kwetu watu wa kupandisha paa wanatafutwaje?

Kwa sababu mnaotoka mjini mnaweza msijue, nawaambia. Huku ukiwa na kazi kubwa, shamba au nyumba, unapika pombe. Unaita majirani, wanakuja wanafanya kazi, wanakunywa, wanaimba, wanaondoka. Halipwi mtu. Na aliyekunywa kwako amekubali kazi, hana mjadala. Lakini kumwita mtu aje akufanyie kazi na huna cha kumpa kinywani, hiyo ni aibu, tena aibu yako wewe uliyeita.

Na hiyo pombe inapikwa kwa nini? Kwa ulezi.

Naona mmeanza kuelewa. Sisi na maandazi yetu hatukuelewa.

Mama Pacha alikuwa anakaa kijiji kimoja upande wa Matai. Mumewe alikuwa ziwani Kasanga akibeba mizigo, na alikuwa anatuma samaki, migebuka ya ziwani, mara nyingi kuliko hela. Nyumbani kabaki mama na pacha wake, Petro na Paulina, ndo kwanza wanasimama kwa kushika ukuta. Sema ukuta wenyewe wa kushika ulikuwa wa watu: walikuwa wanalala kwenye jiko la shemeji yake, nyasi za paa zimeoza, mwanga unaingia, na mvua ikija nayo inaingia.

Ila yule mama alikuwa mpiganaji. Kiangazi chote alikuwa anafyatua matofali, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kwenye beseni. Akapandisha kuta za vyumba viwili. Matofali mabichi, hakuwa na kuni za kuchomea. Kaka yake akamkatia miti ya paa. Mabati yetu yakafika, yakaegemezwa ukutani. Kilichobaki ni watu tu.

Tulipoenda kumtembelea, mimi na Mama Gaudensia, ilikuwa wingu limeshaanza kukaa. Sasa tofali bichi lisilo na paa, mvua moja tu ya maana ikilipata, linarudi kuwa tope, hata kukuaga halikuagi. Kila mtu pale kijijini alikuwa anaangalia juu, halafu anaangalia zile kuta.

Tukasalimiana, tukamaliza. Mama Gaudensia akachukua ule utepe wa kupima mkono wa mtoto, mtauzoea, una rangi. Petro: njano. Paulina: njano. Njano maana yake hajaumwa bado, ila mwili unapungua, usilale.

"Mwanangu," Mama Gaudensia akasema, "ulezi tuliokuletea watoto wanakunywa?"

Mama Pacha akaangalia chini. Halafu akaangalia nyuma ya nyumba. Nikaenda huko nyuma.

Nikakuta mikeka. Juu ya mikeka ulezi wote, gunia zima, umelowekwa, umeota vijimizizi vyeupe, umeanikwa. Kimea! Nimekulia kwenye hiyo harufu, hainipiti. Kinachofuata ni kusaga na kupika pombe.

Nikamwita. "Dada, hiki ni nini?"

"Hilo ndo paa langu, kaka."

"Paa? Huu ni uji wa watoto!"

"Na mimi najua ni uji wa watoto. Wewe umeniletea bati. Bati linapanda lenyewe?" Mikono kiunoni sasa. "Nikiwapa uji, nyumba inakuwa tope, walale kwenye maji. Nikipika pombe nyumba inapanda, walale na njaa. Haya, nichagulie wewe uliyekuja na pikipiki."

Jamani, niliinama nikashika ule ulezi kana kwamba jibu limeanikwa humo.

Mama Gaudensia alikuwa amenifuata. Akakaa juu ya tofali, akakiangalia kile kimea, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya kitenge.

"Oresti, na sisi tulipiga makofi!"

"Tulipiga, mama."

"Mimi binti wa Kifipa, mama yangu kanilea kwa pombe za kazi, nimekaa pale nakula andazi!"

Mama Pacha akabaki anatuangalia. Alijiandaa kugombezwa, anaona watu wanacheka, hajui alie au acheke na yeye.

Mama Gaudensia akaokota kimea kidogo, akatafuna. "Kimekauka vizuri. Kitamu. Mwanangu, hujaharibu kitu. Oresti, weka sufuria."

Sasa hapa kalamu mtoe, kama mnazo. Kile kimea cha pombe ndo dawa ya uji wa mtoto. Kwa nini? Mtoto mdogo hawezi kunywa uji mzito. Ukiupika mwepesi anaunywa, lakini amekunywa maji tu. Tumbo limejaa, mkono unapungua. Basi unafanya hivi. Pika uji mzito kabisa, mwiko usimame wenyewe, weka na karanga zako. Utoe jikoni upoe. Usiharakishe: ingiza kidole, ukiweza kukiacha mle bila kutukana, tayari. Ukiwa wa moto sana kimea kinakufa, hakifanyi kazi. Ndo unatia unga wa kimea, kijiko tu, unakoroga. Na hapo utaona maajabu: ule uji uliokuwa mzito kama udongo wa kufyatulia unalegea wenyewe, unateleza, unakuwa mtamu na sukari hujatia. Unaurudisha kwenye moto uchemke kidogo, basi. Mtoto anakunywa uji mwepesi wenye unga wa uji mzito. Aliye chini ya miezi sita msimguse na uji wenu, huyo ana maziwa ya mama yake, kashiba, mwacheni.

Nikatwanga kimea kidogo, nikapika, nikaonja. Tukawapa pacha. Petro alikunywa akafumba macho. Paulina aling'ata kikombe kwa vile vijino vyake, tukavutana naye. Gunia zima la kimea, kijiko kijiko, lilikuwa linatosha kuwalea hawa na kubaki.

Tumbo limepona. Paa je?

"Watu wapikie togwa," nikasema, "kimea ni hiki hiki, kidogo tu kinatosha. Wanywe kitu kitamu kisicholevya, wapandishe bati, waende."

Nje ya ua mtu akacheka. Alikuwa Baba Deusi, fundi wa mapaa wa kijiji kizima. Bila yeye hakuna anayeshika nyundo. Alikuwa anapita, na kama kawaida yake kapunguza mwendo kwenye harufu ya kimea.

"Togwa!" akasema. "Mimi na mvi zangu nipande juu kwa togwa? Basi niletee na nepi kabisa!"

"Baba, ni kwa ajili ya hawa watoto," nikasema.

"Wewe Bwana Uji nyamaza. Tangu lini nyumba ikajengwa kwa kinywaji cha kipaimara? Binti yangu, ukipika cha kueleweka niite. Mimi sina neno na wewe."

Akaondoka anacheka. Na hakuwa mtu mbaya, ndo ilivyokuwa tu. Na fundi akikataa, wengine wote wamekataa.

Mama Pacha akageukia nyumba yake. Anaangalia kuta zake, anaangalia wingu. Halafu akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Kaka, lile somo lako la uji la kijiji hiki unalifanyia wapi?"

"Shuleni."

"Lifanyie hapa kwangu, Ijumaa. Kuni ninazo, kimea ninacho, sufuria nitaazima kubwa. Waite wenye watoto wote."

Nikasema mama wa watu ana moyo, na shida zake zote hizi anakaribisha wenzie. Mimi kwa wepesi wangu nikakubali. Mama Gaudensia alimtazama kidogo, akatabasamu.

Ijumaa ua ukajaa. Akina mama, mabibi, watoto kila kona. Hata Baba Deusi alikuja, maana binti yake alikuwa kaenda Namanyere na basi, kamwachia mjukuu, Yustini. Nikapika sufuria kubwa, nikafundisha, nikatania. Vikombe vikazunguka. Watoto walikunywa kama wanalipwa. Yustini akamaliza cha kwanza, akalia cha pili. Cha pili kikamshinda mwishoni, na Baba Deusi akafanya kile ambacho kila mwenye mjukuu anafanya. Alimalizia kilichobaki, akapangusa na mdomo wa kikombe kwa kidole, akalamba.

Niliona. Mama Pacha naye aliona.

Watu walipoanza kufunga vitenge waondoke, Mama Pacha akapita mbele. Akapiga magoti, akapiga makofi taratibu ya heshima, viganja vimekunjwa kidogo, kama tunavyosalimia wakubwa.

"Wazazi wangu," akasema, "nawashukuru kwa kuja kunywa kwangu. Kimea ni changu, kuni ni zangu, maji nimechota mimi. Asanteni kwa kunywa. Kesho ni paa."

Watu wakatazama vikombe vyao.

Halafu bibi mmoja huko nyuma akaachia kicheko, akashika kifua. "Mmekamatwa! Jamani wote mmekamatwa!"

Ua mzima ukalipuka. Akina mama wanacheka wanagongana mabega. Baba Deusi akasimama.

"Mimi sijanywa! Kanywa mtoto!"

"Ni kweli, baba," Mama Pacha akasema, bado kapiga magoti, sauti ya asali. "Kanywa mtoto. Kesho umlete basi ashike nyundo."

"Huyu? Hata suruali hajui kuvaa!"

"Sasa baba, kama kanywa na hawezi kupanda, anapanda nani?"

Baba Deusi akamwangalia Yustini. Yustini alikuwa ana masharubu ya uji huku na huku, anamchekea babu yake.

"We mtoto," mzee akasema, "umeniuza kwa vikombe viwili."

"Kimoja na nusu," yule bibi akadakia. "Hiyo nusu umejiuza mwenyewe, tulikuona unalamba!"

Mzee akajaribu kukaza uso, akashindwa. Akaanza kucheka, akabadilisha mkono wa kumbebea mtoto. "Kesho asubuhi na mapema. Atakayechelewa namshika mimi. Na hilo togwa, binti yangu, lipike zito, lisiwe la maji."

Mimi nikaanza kukusanya vikombe vyangu kimya kimya. Nikamsikia Mama Pacha: "Na Bwana Uji je?"

"Mimi niko kazini, dada."

"Umekunywa hujanywa?"

Nikamtazama Mama Gaudensia aniokoe. Akasema, "Anaonja kila sufuria. Nimemfundisha mwenyewe."

Jumamosi nilikuwa juu ya paa. Sijawahi kupanda kitu kirefu kuliko pikipiki. Upepo wa Ufipa unajua kuchagua siku; nilishika bati, bati likataka kuondoka na mimi kuelekea Zambia. Baba Deusi ananifokea kutoka upande wa pili: "Msumari kwenye kilima cha bati, si bondeni! Bondeni maji yanapita, unataka pacha waoge usingizini?" Nikapiga kwenye kilima. Nikapiga na kidole. Hili kovu mnaliona? Ndo cheti changu cha ujenzi.

Chini akina mama wanapokezana togwa na nyimbo. Baba za akina Yustini wa kijiji kizima walikuja, kila mmoja anamlaumu mtoto wake, huku anamsifu kwa kunywa. Wingu likashuka mpaka likafika rangi ya sufuria. Tukawa hatuongei tena, nyundo tu. Bati la mwisho, la kofia pale juu katikati, Baba Deusi alilipigilia matone yameshaanza kumpiga mgongoni.

Tuliruka wote tukaingia ndani. Wote, vyumba viwili, kama kuku. Na mvua ikamwagika.

Kama hujawahi kukaa chini ya bati jipya kwenye mvua ya kwanza, mimi siwezi kukueleza. Husikii kitu. Watu wanaongea unaona midomo tu. Petro aliangalia juu, mdomo ukaanza kupinda alie. Paulina akapiga makofi. Petro akamwangalia dada yake, akaamua na yeye apige. Mama Pacha hakuwa anacheka wala kulia. Alikuwa anapita katikati ya watu na kiganja chake kwenye kuta, anapapasa ukuta mmoja, anaenda mwingine, anapapasa kona. Kavu. Kila alipogusa, kavu. Alipomaliza wa mwisho akageuka akaegemea pale pale, akafumba macho.

Baba Deusi akanisogelea, akapiga kelele sikioni kwangu.

"Nini?" nikauliza.

"Nasema, togwa limebaki?"

Tuliporudi kuwapima pacha, utepe wa Paulina uliingia kijani, wa Petro ukafuata baadaye kidogo, huyo hakuwa na haraka na chochote. Na kwenye kikao kilichofuata Mama Gaudensia alikataa andazi mpaka amalize kuongea. Ikakubalika kwamba familia inayojenga inapewa na nafaka ya kuitia watu, mbali na ya mtoto. Kila mtu akashangaa kwa nini hatukusema tangu mwanzo.

Haya, mimi nirudi mashineni, wateja wananisubiri na wanajua kusonya. Nyie nendeni. Salimieni mpaka mwisho, onjeni kabla ya mtoto, vaeni sweta. Na ukipewa kikombe kwa mtu, pokea kwa mikono miwili unywe, ndo adabu. Ila kabla hujameza, chungulia kidogo nyuma ya nyumba, uone kama kuna bati limeegemea ukuta.